Raba za Lornah

Seme, karibu na Kombewa
Jumanne, 21 Mei 1991

Kwako Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko dagaa wa omena walioanikwa ufukoni siku ya jua kali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Je, mama yako Kukhu hajambo? Goti lake linamruhusu kutembea hadi kisimani? Na mjomba Walubengo na watoto wake wote, hawajambo? Sisi hapa tunaamka, tunakula, tunaenda shuleni. Mbuzi mwekundu amezaa, tena mapacha, na mmoja ana doa jeupe kwenye pua. Mahindi yako yamefika magotini na njugu zimeanza kutoa maua ya manjano.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha jikoni, kile ulichokuja nacho kutoka Kimilili na kukutana na Baba katikati, ila nimejaribu kukinyoosha kama Mwalimu anavyotaka. Atakayekuletea barua hii ni Bwana Shitanda, yule anayenunua omena hapa na kuzipeleka Webuye. Anaondoka kesho asubuhi, na ameniahidi kwamba atafika kwa mjomba jioni hiyohiyo na kukupa mkononi. Mama, nakuomba uisome peke yako kwanza. Usimpe mjomba aisome kwa sauti watu wakisikiliza.

Nianze na lile la haraka. Baba mkubwa Obiero alikuja Jumapili akasema wazee wa ukoo watakaa hapa nyumbani Jumamosi hii, tarehe ishirini na tano. Baba ameshapelekewa habari kule Dunga anakotengeneza mashua, naye atakuja. Watazungumza habari yako. Unayajua maneno yenyewe, lakini nitayaandika kama yanavyosemwa wewe usipokuwapo, ili ujue yamefika wapi.

Dani, mama yake Baba, anasema kwamba mwezi wa Machi mvua ilipoanza, yeye akiwa Bondo kwa shangazi akitibiwa jicho, wewe ulichukua jembe ukapanda shamba lako bila kumngoja. Katika boma la Wajaluo, mama wa boma ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini, hata kama ni mistari miwili tu, ndipo wake wa wanawe wafuate. Anasema mwezi haukuisha kabla ya mtoto wa pili wa nyumba yako kupatikana na ukoma. Wa kwanza, Lornah, ulikuwa ugonjwa tu, na ugonjwa humpata yeyote. Wa pili si ugonjwa, ni chira, ile adhabu inayomfuata aliyevunja mwiko. Anasema pia kwamba nyar mwa, yaani binti wa watu wa mbali, hawezi kulaumiwa kwa kutojua, lakini chira haiulizi mtu alizaliwa wapi. Baba mkubwa Obiero anaongeza kwamba Baba atafutiwe mke anayejua desturi, na ameshataja msichana wa Asembo ambaye, kwa maneno yake, anajua hata kuku gani atangulie kuingia bandani. Baba alijibu kwamba atasikiliza. Unajua, Mama, Baba akisema atasikiliza, bado hajasema kitu.

Sasa nataka kukueleza jambo usilolijua, na itanibidi nianzie mbali. Nivumilie.

Mama, nimemwonea Lornah wivu tangu Septemba ya mwaka jana. Nasema wivu kwa sababu nimelitafuta neno lingine sikulipata. Ulianza siku Bwana Ndung'u wa afya alipokuja shuleni na pikipiki yake, akawapanga watoto wa darasa la pili mstari mmoja, akamtoa Lornah kando na kumgusa mgongoni kwa pamba. Alipata mabaka saba yasiyosikia, na mguu wa kushoto wenye ganzi. Halafu akampakia nyuma ya pikipiki amlete nyumbani. Hakuna mtoto wa shule yetu aliyekuwa amewahi kupanda pikipiki. Shule nzima ilisimama dirishani. Mimi nilitembea nyuma yao nikila vumbi, na nilipofika nilikukuta umekaa chini umeshika kichwa, naye Lornah ameketi kwenye kiti cha Baba anakunywa soda.

Ni kweli niliogopa, lakini kwa siku mbili tu. Bwana Ndung'u alituelezea vizuri. Alisema ukoma ni wa vijidudu, si wa kurogwa. Kwamba mgonjwa akishaanza dawa hamwambukizi mtu. Kwamba tusimtengee sahani wala kitanda. Alisema hatari iko kwenye mguu usiosikia, kwa sababu utakatwa au kuungua na mwenyewe asijue. Kwa hiyo miaka miwili ya vidonge, na miguu iangaliwe kila jioni. Baada ya hapo hofu iliniondoka, na mahali pake pakaingia kitu kingine.

Unakumbuka jioni zako na Lornah? Ulikaa kwenye kigoda mlangoni mwanga ungali upo, beseni katikati yenu. Ulimlowekea miguu, ukaisugua kwa jiwe laini, ukaipaka mafuta, ukatazama katikati ya kila kidole kama mtu anayetafuta sindano. Ukamwimbia ule wimbo wa kwenu. Dani anasema uliniimbia mimi pia nilipokuwa mchanga, lakini mimi siukumbuki, na jambo usilolikumbuka ni kama hukupewa. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye vyombo, mgongo umewaelekea ninyi. Nilisugua sufuria moja kwa majivu mpaka ikang'aa kupita kiasi, ili nisimalize kabla yenu na kukosa pa kwenda.

Kipande cha katikati cha samaki wa ngege kilikuwa chake. Ugali wake ulipulizwa upoe asije akaungua vidole. Alikatazwa moto, akakatazwa sufuria la moto, akakatazwa kulima bila viatu, na kazi zake zote zikahamia kwangu kama kuku waliokimbia siafu. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nambari ya tatu darasani. Nilipokuletea ripoti ulikuwa umeshika kisigino cha Lornah. Uliniambia niiweke mezani, utaiangalia. Ilikaa pale siku nne. Siku ya tano Dani aliitumia kufunikia maziwa.

Halafu zile raba. Baba alizileta mwezi wa Oktoba kutoka Kisumu, za buluu, zenye kamba nyeupe na soli laini, kwa sababu Bwana Ndung'u alisema Lornah asitembee tena bila viatu. Mimi nimekwenda shuleni bila viatu tangu darasa la kwanza. Baba aliona nikizitazama, akasema zangu zitakuja Krismasi. Krismasi ilipofika aliniletea bikari na rula, kwa ajili ya mtihani unaonikaribia. Nilimshukuru, na bikari ni nzuri. Lakini Lornah alilala na raba zake karibu na kichwa. Siku moja ya Januari, mchana, aliposinzia, nilijaribu kuzivaa. Viliingia vidole tu. Nilizirudisha, lakini kwanza nilizifunga kamba fundo juu ya fundo mpaka ukalazimika kuzikata kwa kisu. Ulimgombeza Lornah siku hiyo. Nami nilikuwepo, nilinyamaza.

Ilipofika Aprili Bwana Ndung'u alirudi kutukagua sote wa nyumba hii. Uliliona lile baka jeupe lililokuwa juu ya kiwiko changu tangu Krismasi, ukasema ni choa tu, lakini akaniketisha kwenye kigoda. Aliniambia nifumbe macho, na kila nitakaposikia pamba inanigusa nionyeshe pale kwa kidole. Alinigusa paji la uso, nikaonyesha. Alinigusa kiganja, nikaonyesha. Alipogusa baka sikusogea. Alirudia mara tatu. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, nilisikia ukivuta pumzi na usiitoe. Bwana Ndung'u alinipapasa nyuma ya kiwiko, akasema mshipa hauna neno, lakini kwa kuwa dada yangu ni mgonjwa, ni afadhali nianze dawa za miezi sita kuliko kungoja. Aliandika jina langu kwenye kadi. Jina langu zima, Seline, kwa herufi kubwa.

Jioni ile, ulipomaliza miguu ya Lornah, uliniita. Baka lilikuwa mkononi, na hakuna aliyesema lolote kuhusu miguu yangu, lakini uliosha miguu. Ulimwaga maji ukatia mapya. Kwa wiki mbili ulinishika visigino na kuniimbia, nami hatimaye nikajua wimbo unavyokwenda. Siku moja ulilia bila sauti na machozi yakadondokea mguuni mwangu. Zilikuwa wiki bora kuliko zote nilizowahi kuishi, na kwako zilikuwa mbaya kuliko zote. Niliyaona yote mawili kwa wakati mmoja, na bado nikaingiza miguu ndani ya beseni.

Lornah naye alifurahi waziwazi, mpaka ukamkanya. Alisema sasa tuko wawili. Alinifundisha kumeza kidonge kwa uji baridi, na akaniambia nisiogope siku ya ile dawa kubwa ya mwezi, maana mkojo utakuwa mwekundu kama soda ya chungwa, na kwamba yeye tayari anaweza kufungua duka la soda. Kila asubuhi alinisimamisha mbele yake akahesabu moja, mbili, tatu, tumeze pamoja.

Shuleni haikuwa hivyo. Jentrix, ambaye tumekaa dawati moja tangu darasa la tatu, alimwambia Mwalimu kwamba kutoka pale haoni ubao. Ubao uko palepale na macho yake ni yaleyale. Njiani waliniuliza kama vidole vyangu nimevihesabu kabla ya kutoka nyumbani. Niliporudisha kifutio nilichoazima, mmoja akaniambia nikitikise kwanza, asije akapata na kidole ndani. Walicheka sana. Mwalimu aliwaeleza kwamba mgonjwa anayetumia dawa hamwambukizi mtu, wakaitikia ndiyo Mwalimu, na dawati likabaki langu peke yangu. Nilimwuliza Lornah kama naye huambiwa hivyo. Alisema kila siku tangu Septemba. Nikamwuliza kwa nini hakukwambia. Akasema ungekwenda shuleni kugomba, na kazi zako zote zingeongezwa juu ya zangu.

Ndipo Dani akarudi kutoka Bondo, akakuta mahindi yako yameota na kadi yangu imetundikwa ukutani kando ya kadi ya Lornah. Mengine unayajua. Asubuhi ile Baba mkubwa Obiero alipokwambia upumzike kwa watu wako mpaka mambo yaangaliwe, uliinama uzi wa mzigo ukiwa bado mkononi, ukaniambia maneno mawili: nisome, na niangalie miguu ya Lornah kila jioni. Nilisema ndiyo, Mama.

Sikuiangalia. Tangu uondoke, hata jioni moja. Nilijiambia mimi pia ni mgonjwa, aiangalie Dani. Dani jicho lake haliwezi. Lornah hakuuliza. Alileta beseni mwenyewe, akaketi kwenye kigoda chako, akaanza na miguu yangu. Mama, ana miaka minane. Aliisugua, akatazama katikati ya vidole akiwa amekunja uso kama wewe, akaimba wimbo wako kwa maneno aliyoyabuni. Mpaka amalize giza lilikuwa limeanza kuingia, basi yake aliichovya mara moja akaitoa. Nilimwacha afanye hivyo kila jioni kwa wiki tatu. Nilikaa nikaoshwa.

Jumamosi iliyopita, mchana, nilikuwa nje ukutani nasoma kitabu cha sayansi. Nilihisi kitu kinatembea mkononi, nikakipiga kofi kama inzi bila kuinua macho. Kilipokuja tena nikakipiga tena. Nilipogeuka nikamwona Lornah amesimama nyuma yangu na unyoya wa kuku mweupe. Alikuwa ameupitisha juu ya baka.

Aliutazama unyoya, akalitazama baka. Nikajua ameshanijua, nikangoja apige kelele za kumwita Dani. Badala yake aliruka juu. Alizunguka uwanja mzima akipiga makofi na kusema Seline amepona, dawa imefika, Seline anasikia! Mbuzi walikimbia. Kisha akaja mbio, akanipa unyoya, akavua fulana na kuketi chini mbele yangu. Akafumba macho kwa viganja viwili ili asije akaonekana anachungulia, akaniambia nimjaribu na yeye.

Nilipitisha unyoya kwenye baka la bega. Akauliza kama nimeshaanza. Nikapitisha kwenye lile kubwa la mgongoni. Akasema nisimcheleweshe, nianze. Niliyapitia yote saba, Mama, na ya mguuni nikayarudia. Alipofumbua macho na kuona unyoya uko juu ya mguu wake, hakulia. Alisema labda mimi nilikuwa na baka moja tu ndiyo maana dawa imewahi. Alisema labda kesho.

Mama, mimi sina ukoma. Sijawahi kuwa nao. Siku ile ya Aprili niliisikia pamba. Mara zote tatu niliisikia, nyepesi, kama mguu wa nzi, na nikajua hasa ni wapi ningeonyesha kidole. Nilikuwa nimemwona Lornah akikaguliwa mara nyingi, nikajua asiyesikia anavyokaa. Nilikaa vile. Baka lile ni choa, kama ulivyosema mwenyewe. Nilitaka unishike miguu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Sikujua kwamba mtoto wa pili angekuwa shahidi wa kukufukuza. Ile dawa kubwa nilimeza kwa sababu Bwana Ndung'u alinitazama, na vidonge vya siku za mwanzo pia. Vingine nilivificha chini ya ulimi Lornah akihesabu, na viko ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo chini ya kitanda.

Chira watakayoijadili Jumamosi ni mimi. Hakuna nyingine.

Jana nilimwambia Dani. Alikuwa akichambua omena, nami nilipiga magoti na kusema yote bila kupumua, kwa Dholuo, lugha yake, ili pasiwe na neno la kusingizia. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akaniita, akaushika mkono wangu, akafinya baka kwa kucha zake, nikapiga kelele. Akasema sawa. Akasema maisha yake yote ameona watu wakiuficha ugonjwa huu chini ya blanketi, chini ya kofia, wengine wakauficha kisiwani mpaka wakafa nao, lakini hajawahi kumwona mtu aliyeuiba. Nilifikiri atanichapa. Aliniambia nikamletee maji, na nilipoyaleta akaanza kucheka, halafu akafuta jicho, lile zima.

Usidhani amesahau shamba. Alisema kupanda ni kupanda, na wewe ulikosea, na kosa hilo lina dawa yake: utakuja na kuku, mtakula pamoja, na mwakani utamngoja hata mvua ikinyesha mpaka ndani ya chungu. Lakini kosa la kuku, alisema, halimwondoi mke nyumbani, na huyo msichana wa Asembo abaki Asembo na kuku zake. Atasema hivyo mbele ya wazee. Amenituma nikuandikie kwamba njugu zako zina magugu na yeye hawezi kupalilia shamba la mtu mwenye mikono miwili.

Bwana Ndung'u anakuja keshokutwa, Alhamisi, siku yake ya kila mwezi. Nitaketi kwenye kigoda na kufumba macho, na kila mahali atakaponigusa nitaonyesha kwa kidole. Nitampa mkebe. Kisha nitamwomba, kama hatakuwa amekasirika sana, arudi Jumamosi awaambie wazee kwamba nyumba hii ina mgonjwa mmoja, naye anaendelea na dawa. Asiporudi nitasema mwenyewe. Najua mtoto hasemi mbele ya wazee. Dani amesema atanishika mkono.

Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni Lornah. Nilimwambia leo asubuhi, kabla ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama ina maana sikupona. Nikasema sikuwa mgonjwa. Akauliza tena, ina maana dawa haijamponya mtu yeyote? Nikamwambia Bwana Ndung'u ana wagonjwa wengi waliomaliza na kupona, na kwamba yake ni ya miaka miwili, haijafika nusu. Aliugeukia ukuta, akameza kidonge chake peke yake bila kuhesabu, akavaa raba akaenda shuleni mbele yangu. Njia nzima nilitazama mgongo wake. Nilimwona anachechemea kidogo, nikadhani ni hasira.

Tuliporudi jioni hii nilitoa beseni kabla yake. Niliketi kwenye kigoda, nikamwita. Alikaa mbali kwanza, akasema yeye anaweza mwenyewe. Nikasema najua. Mwishowe alikuja, akanyoosha mguu akitazama pembeni. Nilipovua raba ya kushoto, Mama, soksi ilikuwa imeshikana na kisigino. Nyuma pana lengelenge lililopasuka, kubwa kama shilingi, na kidole kikubwa kimejikunja, ukucha umekuwa mweusi. Nilipima raba kwa kiganja. Mguu umeipita kwa upana wa kidole kizima. Amekua tangu Oktoba na hakuna aliyeona, na yeye mwenyewe hakuweza kujua, kwa sababu raba zilimbana pale pasiposikia. Hizo ndizo raba nilizozionea wivu. Zilikuwa zikimla mguu wiki zote hizo, nami nikiwa nimekaa mbele yake naoshwa wa kwangu.

Nilimlowekea, nikasafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemka na kupoa, nikakifunga kwa kitambaa safi cha kanga yako ya zamani. Alhamisi Bwana Ndung'u atakiona. Nimezikata raba mbele kwa wembe ili vidole vipumue, na nyuma nimekunja ukingo. Lornah alilia kwa ajili ya raba, si kwa ajili ya mguu. Nilijaribu kuimba. Alinisikiliza kidogo, halafu akasema nimekosea maneno, akanisahihisha kwa maneno yake ya kubuni. Nikaimba yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mama, sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nakuomba uje kabla ya Jumamosi. Ukija unaweza kunichapa, na Dani amesema ukichoka atakupokea. Bwana Shitanda anarudi huku Ijumaa na gari lake tupu, amesema nafasi ipo, ila utavumilia harufu ya omena.

Msalimie sana Kukhu na umwambie goti lake ninalikumbuka katika maombi. Wasalimie mjomba Walubengo na watoto. Lornah anakusalimu, ingawa kwa sasa anakataa kusema chochote kupitia kwangu. Amesema atakusalimu mwenyewe. Dani anakusalimu pia, na hilo sijalibuni.

Ukipita sokoni Webuye, geuza karatasi hii. Nyuma yake nimechora mguu kwa penseli, nikiwa nimemsimamisha Lornah juu ya karatasi na kuzungusha polepole. Muuza viatu aongeze upana wa kidole mbele, nawe usikubali kitu kigumu kisiginoni. Penseli ilipofika kando ya mguu wa kushoto Lornah hakuisikia, kwa hiyo aliendelea kusimama mpaka nikamwambia nimemaliza. Alitoka juu ya karatasi, akautazama mchoro, akaniambia bado nafasi ipo, nisimame na mimi.

Nimechora wake tu.

Ni mimi mwanao,
Seline